Shule inataka kumpima binti yangu afya ya akili, babake amekataa. Nitie saini?

BARUA

Assalaam aleikum Bi Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Langoni, Amu (Lamu). Nakuandikia kuhusu binti yangu wa kwanza, ana miaka 14 na yuko Gredi ya Nane. Wiki iliyopita alirudi na fomu kutoka shuleni. Inasema wanafunzi wote wa Gredi ya Saba hadi ya Tisa watapimwa afya ya akili kwa maswali ya kuandika, na mzazi atie saini kama anakubali au anakataa. Fomu irudishwe Jumatatu. Zoezi lenyewe litakuwa wiki ya tatu ya Ramadhani.

Nyuma ya fomu wameweka maswali yenyewe. Niliyasoma usiku watoto walipolala. Yanauliza, katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo, umekosa usingizi, umekosa hamu ya kula, umejiona huna maana. Majibu ni manne, kuanzia "hapana kabisa" mpaka "karibu kila siku". La mwisho ndilo lililonitia baridi: linauliza kama umekuwa ukiwaza kwamba afadhali ufe, au ujiumize.

Nilimpigia babake, yuko Doha kwa kazi ya udereva. Alikasirika sana. Alisema mtoto hana wazimu, na leo wakimpa maswali, kesho jina lake litakuwa kwenye faili la wagonjwa wa akili. Amu hii watu wote wajuana, nani atakuja kumposa? Mavyaa naye anasema kumuuliza mtoto habari za kujiua ni kumfundisha, na kama kuna jambo basi asomewe, yaishe.

Lakini Bi Mshauri, kuna jambo sijamwambia mume wangu. Mtoto huyu si yule ninayemjua. Mamangu alifariki siku chache baada ya Maulidi, na binti yangu ndiye aliyekuwa akilala naye chumba kimoja tangu mdogo. Mwanzo alilia kama sisi sote. Sasa tuko Mlisho, mwezi wa kabla ya Ramadhani, sisi tumerudi kwenye shughuli zetu, yeye hajarudi. Alikuwa akishona kofia, na mkono wake ni mzuri, watu walikuwa wakiziagiza kabla hajazimaliza. Ya mwisho iko dirishani, sindano imechomekwa palepale alipoachia, na uzi umeanza kupauka kwa jua. Chakula anakichezea tu. Naamka saa nane za usiku namkuta amekaa, macho wazi. Nikimuuliza ana nini anasema kichwa, siku nyingine tumbo, nami namnunulia dawa za maumivu. Mwalimu wa chuo cha Qur'ani ameniambia amekuwa mzito wa kuhifadhi, yeye aliyekuwa akiwatangulia wenzake.

Nitie saini au niache? Na kama ni msiba tu, si utapita wenyewe?

Mama, Langoni


JIBU

Wa aleikum salaam dada yangu, na pole sana kwa kuondokewa na mama. Allah amrehemu.

Fomu inaweza kungoja Jumatatu. Mtoto naomba asingoje, kwa hiyo naanza naye.

Maswali uliyoyaona, kwa jinsi ulivyoyaeleza, ni yale yajulikanayo kama PHQ-9. Ni tisa, yanatumika nchi nyingi, na kwa Kiswahili yamekuwepo miaka mingi. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa ni 27, na kwa kawaida anayefika 10 huitwa akazungumze na mtaalamu. Sasa hebu rudia kuisoma barua yako mwenyewe. Usingizi umeutaja. Chakula umekitaja. Hamu ya jambo alilolipenda imekwisha, na umeniwekea mpaka ile sindano. Akili kutotulia kwenye masomo, mwalimu wa chuo amekwambia. Hayo ni manne katika tisa, nawe umeyajibu bila karatasi ya mtu. Hungoji shule ikuhakikishie kwamba mwanao ana jambo.

Zungumza naye kabla ya Jumatatu. Usimkalishe mkatazamana kama mko mahakamani, maana kijana wa umri huo maneno humtoka mikono ikiwa na kazi. Mwite akusaidie kupepeta mchele au kukanda unga, wadogo zake wakiwa nje. Anza na ulichokiona kwa macho: "Mwanangu, naona huli, usiku hulali, na kofia umeiacha. Sikugombezi. Nataka kujua moyo wako ukoje." Kisha nyamaza. Wazazi wengi huharibu hapa, mtoto akikawia kujibu wao huanza kutoa nasaha, na akishapewa nasaha hafungui tena kinywa. Mwache akawie. Akianza kusema, usimwambie asikufuru, na usimtajie wenye shida kuliko yeye.

Halafu muulize lile swali lililokutia baridi, kwa maneno ya nyumbani. "Kuna wakati unaona afadhali usingekuwepo? Umewaza kujidhuru?" Najua mavyaa ataona ni kumtia mtoto wazo kichwani. Hofu hiyo ni ya watu wengi, pamoja na walimu na hata baadhi ya madaktari, na ndiyo sababu iliwahi kupimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwafuata wanafunzi zaidi ya 2,300 wa shule za sekondari katika jimbo la New York. Nusu waliulizwa kuhusu kujiua, nusu hawakuulizwa, kisha wakaangaliwa tena. Walioulizwa hawakuwa na mawazo hayo zaidi ya wenzao. Wale waliokuwa tayari wana huzuni nzito, au waliowahi kujaribu, walionekana kupata nafuu kidogo kwa kuulizwa. Mtoto mwenye wazo hilo huwa amelibeba peke yake siku nyingi, na swali lako ndilo humwambia kwamba anaweza kulitua.

Akijibu ndiyo, mshukuru kwa kukwambia. Usimwache peke yake, alale nawe. Dawa zote za nyumbani, pamoja na hizo za maumivu ulizokuwa ukimnunulia, ziweke asipoweza kuzifikia. Mpeleke Hospitali ya King Fahd siku hiyohiyo, na kama amekwambia ameshapanga atafanyaje, usingoje hata kukuche. Kuna pia simu za bure unazoweza kupiga mkiwa nyumbani: 1199 ya Msalaba Mwekundu, na 116 ambayo ni ya watoto. Polisi usiwaogope. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinapingana na Katiba.

Hata akijibu hapana, bado mpeleke hospitali. Umeniuliza kama msiba hautapita wenyewe. Msiba wa kawaida huja na kwenda. Mtu hulia asubuhi, jioni akacheka na wenzake, na kidogo kidogo siku za kucheka zikazidi. Ulichonieleza hakiji na kwenda. Tangu Maulidi mpaka Mlisho ni miezi mitano, na badala ya kupungua kinaenea, kimetoka usingizini kikaingia kwenye chakula, kimefika chuoni. Kichwa na tumbo navyo ni vya kweli, si kisingizio. Huzuni ya watoto mara nyingi hutokea mwilini kabla ya kutokea mdomoni. Mwambie daktari yote uliyoniambia, na omba apimwe damu pia, kwa sababu msichana wa miaka 14 anaweza kuchoka na kulegea kwa upungufu wa damu, nao una dawa yake. Ikionekana ni huzuni iliyogeuka maradhi, kwa umri wake tiba huanza kwa mazungumzo ya mara kwa mara na mtu aliyefunzwa. Vidonge huja baadaye, vikihitajika kabisa.

Sasa fomu.

Mimi naunga mkono watoto kuulizwa shuleni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba, wa miaka 10 hadi 19, ana tatizo la afya ya akili. Darasa la watoto 42 hao ni sita, na mwalimu huwa anamjua mmoja, yule mwenye fujo. Anayeumia kimya, kama binti yako, hupewa alama nzuri za nidhamu. Mwaka 2021 kulichapishwa utafiti wa shule 14 za sekondari huko Pennsylvania, wanafunzi karibu 13,000: pale walipoulizwa wote, wenye huzuni waliotambuliwa walikuwa wengi kuliko pale walipongojewa mpaka tabia zao zionekane, na walioanza tiba nao walikuwa wengi zaidi. Jimbo la Illinois limekwenda mbali, limepitisha sheria mwaka 2025 ya kuwapima wanafunzi kuanzia darasa la tatu hadi la kumi na mbili, zoezi lianze mwaka wa masomo wa 2027-28. Na huko pia mzazi ana haki ya kumtoa mwanawe.

Lakini elewa karatasi hiyo inafanya nini. Nyinyi ni watu wa bahari, nikisema bildi, ile ya kupimia kina cha maji, mtanielewa: nahodha akiitumbukiza humwambia maji yamepungua, haimwambii mbele kuna nini. PHQ-9 nayo ni hivyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, kwa watu wazima wa Marekani, mpaka wa alama 10 uliwanasa watu 88 kati ya kila 100 waliokuwa na maradhi hayo kweli, na uliwaacha salama 88 kati ya kila 100 wasiokuwa nayo. Yanaonekana makubwa, sivyo? Chukua watoto 100 ambao kumi kati yao ni wagonjwa kweli. Karatasi itawanasa tisa. Katika wale 90 wazima, itawanasa pia kama 11. Kwa hiyo wataitwa watoto 20, na zaidi ya nusu yao hawaumwi. Si aibu wala hasara kuitwa, madhali kuna mtu wa kukaa na kila mmoja amsikilize na kutenganisha huyu na yule. Pasipo mtu huyo, umebaki na orodha ya majina 20 mikononi mwa watu wasiojua waifanye nini.

Ndiyo maana saini yako iwe na masharti. Nenda shuleni Jumatatu mwenyewe, fomu usimpe mtoto airudishe. Muulize mwalimu mkuu: mtoto akiandika kwenye swali la tisa kwamba anawaza kufa, nani anazisoma karatasi siku hiyohiyo, kabla kengele ya kwenda nyumbani haijalia? Jibu likiwa "zitakusanywa zipelekwe zikachambuliwe", usitie saini. Mtoto aliyeandika jambo kama hilo, akarudi nyumbani bila mtu kumwambia neno, amefundishwa kwamba hata ukisema hakuna anayesikia, na hilo ni baya kuliko kutoulizwa. Kisha uliza wanaoitwa watakaa na nani, na kama huyo mtu ataendelea kuwepo Amu muhula ujao. Wataalamu wa kuja na kuondoka tumewaona. Kumfuata daktari bingwa wa akili kutoka kwenu kunaweza kuwa safari: boti hadi Mokowe, basi kupitia Witu na Garsen, mpaka Malindi au Mombasa. Mtoto hawezi kufunga safari hiyo kila wiki, kwa hiyo lazima awepo muuguzi au mshauri wa karibu anayejulikana kwa jina.

Na waambie wabadilishe tarehe. Hili sijui kama aliyepanga alilifikiria, lakini linanisumbua sana. Maswali yanauliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Wiki ya tatu ya Ramadhani, wiki mbili zilizopita ni mchana bila chakula, tarawehe, daku, na usingizi wa mapande. Ni mtoto gani wa Amu ambaye hatajibu kwamba usingizi umeharibika, amechoka, hamu ya kula si ya kawaida, na darasani akili haitulii? Kwa hayo manne tu, mtoto mzima wa afya anaweza kufika alama nane bila huzuni yoyote moyoni. Na mgonjwa wa kweli atapotea katikati yao, wote waambiwe "ni saumu tu". Zoezi lifanywe kabla ya mfungo, au wiki tatu baada ya Idi, mambo yakisharudi sawa. Ukilisema hili mbele ya wazazi wengine, naamini watakuunga mkono.

Mumeo usimchukulie ni mkaidi. Anamlinda mwanawe akiwa mbali, na anachokiogopa kipo. Amu ni mji wa vichochoro, karatasi ikisahauliwa juu ya meza ya ofisi, habari zitafika mtaa wa Mkomani kabla ya adhuhuri. Mwambie kwamba sheria iko upande wake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa ni nyeti, na habari za mtoto hazichukuliwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Haikuandikwa tu ikawekwa kabatini: mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo dai kwa maandishi kwamba karatasi itakuwa na namba badala ya jina, orodha ya namba na majina atashika mtu mmoja tu, matokeo hayaingii kwenye ripoti ya muhula, na zitachomwa baada ya muda fulani. Shule inayojua inachofanya haitaona vibaya kuandika hayo.

Lakini pia mwambie yale uliyoniambia mimi. Mpaka sasa anabishana na fomu, kwa sababu fomu ndiyo pekee aliyosikia. Hajui kuhusu saa nane za usiku. Umemficha ili asihangaike ugenini, naelewa, ila baba asiyejua mwanawe halali hawezi kuamua sawasawa. Mpigie wakati yuko nje ya kazi, usimtumie ujumbe wa sauti, umweleze mtoto kwanza na karatasi baadaye. Habari za kuposwa nazo zina jibu: binti akitibiwa sasa, akarudi kwenye masomo yake na chuo chake, wachumba watakuja kwa wakati wao. Maradhi yakiachwa yakakomaa ndiyo mji mzima huyaona.

Mavyaa mheshimu. Mtoto kusomewa Qur'ani na watu wampendao kuna utulivu mkubwa, na mwambie bibi amsomee yeye mwenyewe kila usiku, mkono kichwani, kama marehemu pengine alivyokuwa akifanya. Hayo na hospitali hayagombani. Nitakachokukataza kabisa ni mganga wa kumfukiza, kumchapa au kumfungia ndani ili jini litoke, na mtu yeyote atakayekwambia uache hospitali kwanza.

Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja nikitafuta mahali unaposema habari zako, sikuona. Aliyefariki ni mamako. Umeandika kwamba nyinyi mmerudi kwenye shughuli zenu, lakini ni nani anaamka saa nane za usiku kila mara na kumkuta mtoto macho wazi? Nawe hulali. Pengine binti anakuona umejikaza, akadhani nyumba hii hairuhusiwi tena kumtaja bibi. Mtajeni. Mwambie ulivyomkumbuka leo, hata ukilia mbele yake si vibaya. Na siku mtakayokwenda hospitali, ukishamaliza habari za mtoto, mwambie daktari na zako.

Ukija kuona shule haina majibu ya maswali hayo, andika "nakataa" bila wasiwasi. Utakuwa hukumnyima binti yako kitu, kwa sababu kufikia Jumatatu wewe utakuwa umeshamuuliza.